Kuchagua desktopu ya gemu iliyofungwa tayari: fungua boksi kwanza, i7 baadaye

Wakuu, swali linalonifikia sana ni hili, "nimeona desktopu i7 (prosesa ya Intel, yaani ubongo wa mashine), ram 16, SSD 512, bei imekaa vizuri, nichukue kwa ajili ya gemu?" Ukiangalia picha aliyotuma unakuta muuzaji kaandika i7 kwa herufi kubwa, kaweka keibodi ya taa pembeni, ila habari ya kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, kimya kabisa. Sasa kwenye gemu nyingi kadi ndiyo inabeba mzigo mkubwa, prosesa inafuata, na hivyo viwili vyote vinategemea pawa saplai (inayogawa umeme ndani ya mashine) na nafasi iliyomo ndani ya boksi. Ukinunua boksi lisilokubali kadi umenunua mashine ya Excel, hata kama ina i7 ya namna gani. Nataka hela yako iende kwenye gemu, kwa hiyo twende taratibu, naanza na mitumba ya ofisini maana ndiyo wengi tunayonunua Kariakoo, na wenzetu wa Nairobi kule Luthuli Avenue, halafu namalizia na zile mpya za kioo na taa.

Kabla hujatoka nyumbani jua unacheza nini na monita yako ikoje. Mtu wa CS2, Valorant, eFootball, GTA V, Minecraft hahitaji mashine sawa na mtu anayetaka gemu kubwa zilizotoka mwaka huu. Mfano mzuri ni EA FC 24, wenyewe waliandika kiwango cha chini ni ram 8GB, kadi ya GTX 1050 Ti ya 4GB na nafasi ya 100GB kwenye diski. Hicho ni kiwango cha chini, maana yake itacheza ila usitegemee maajabu, lakini kinakupa picha kwamba mashine isiyo na kadi kabisa inayotegemea grafiki ya ndani ya prosesa haifiki hapo. Na monita kama ni ya 60Hz (inaonyesha picha 60 kwa sekunde) na 1080p (ukubwa wa kawaida wa picha) usijitese kulipia kadi ya kusukuma fremu 200, afadhali chenji ikae kwenye ram na SSD.

Mitumba ya ofisini

Hizi ni zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, maofisi ya nje yanabadilisha mashine zote kwa mpigo, zinaingia sokoni, nyingine zinapitia Dubai, mwisho zinatufikia. Ni mashine ngumu, zimetengenezwa ziwake siku nzima, na mimi nazipenda kwelikweli kwa mtu anayeanza. Shida ni kwamba mashine yenye jina lilelile inakuja kwa maumbo tofauti na hapo ndipo watu wanapigwa.

Kuna ile ndogo kama kitabu kinene, Dell wanaiita Micro, HP Mini, Lenovo Tiny. Hiyo kwa gemu iache, haina sehemu ya kuchomeka kadi ya kawaida. Kuna ile nyembamba ya kulala, inaandikwa SFF, hiyo ina sloti ila inachukua kadi za kimo kifupi tu, yaani kadi yenye kibati cha nyuma kifupi, na kadi hizo ni chache sokoni na zinauzwa ghali kuliko ndugu zake warefu wenye nguvu ileile. Halafu kuna tawa, ile ya kusimama. Chukua tawa. Hata kama muuzaji anakupunguzia ya SFF, hata kama meza yako ndogo, tawa inakupa uhuru wa kadi ya kimo cha kawaida na hewa inazunguka vizuri zaidi, na kwa joto la Dar mwezi wa kwanza hilo si jambo dogo.

Ukishaiona tawa mwambie jamaa afungue ubavu. Hakuna haja ya kuona aibu, mashine hizi nyingi zinafunguka kwa kitasa bila bisibisi, sekunde kumi tu. Ndani tafuta pawa saplai, ile boksi ya chuma yenye feni karibu na mahali waya wa umeme unapoingia, ina stika yenye maandishi madogo madogo. Soma mstari wa 12V, chukua amperi zilizoandikwa zidisha kwa 12 unapata wati ambazo kadi na prosesa vitagawana. Zile mashine za ofisini pawa saplai zake ni ndogo, OptiPlex 9020 kwa mfano tawa ina wati 290 na ile ya SFF wati 255, na hizo zinatosha ofisini maana hapakuwa na kadi kubwa mle ndani.

Sasa shika hili maana ndilo linaamua kila kitu: sloti ya kadi kwenye madabodi (bodi kuu ndani ya boksi) inatoa wati 75 mwisho. Kadi inayoridhika na hizo 75 haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, unachomeka, unafunga, unaweka draiva, unacheza. Kadi inayotaka zaidi inakuwa na tundu la pini 6 au 8 kwa juu, na pawa saplai ya ofisini mara nyingi haina huo waya. Kwa hiyo kwenye mitumba ya ofisini tafuta kadi hizi: GTX 1050 Ti ya 4GB, GTX 1650 ya 4GB (geuza uangalie vizuri, kuna GTX 1650 nyingine zina tundu la pini 6, hizo waachie wengine), na kama mfuko unaruhusu RTX 3050 ya 6GB iliyotoka mwanzoni mwa 2024, ile inatumia wati 70 tu na ndiyo yenye nguvu kuliko hizo mbili. Usichanganye na RTX 3050 ya 8GB, hiyo inataka waya wa ziada. Kuna na RX 6400, inakula wati 53, imekaa kama jibu la shida zote lakini inaongea na madabodi kwa njia nne tu za PCIe, ukiichomeka kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia hizo) inapoteza nguvu, na pia haina uwezo wa kurekodi video kwa kadi yenyewe, kwa hiyo anayetaka kurekodi gemu zake aweke pembeni.

Wapo wanaosema "nitabadilisha pawa saplai tu nitie kubwa". Inawezekana ila uliza kwanza, maana Dell na HP wengi hawatumii kile kiunganishi cha kawaida cha pini 24 kwenye madabodi. Hiyo 9020 ina pini 8 za kwake, HP nao wana za kwao, unahitaji adapta ya kuagiza, na pawa saplai ya kawaida wakati mwingine haikai kwenye kesi. Adapta zipo na zinafanya kazi, ila fundi akikwambia anakata waya na kuunga kwa solotepu, chukua mashine yako uondoke.

Namba ya prosesa

i7 peke yake haisemi kitu. i7-2600 ni ya 2011, ina kori 4 (kori ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). i5-8500 ni ya 2018, ina kori 6, na kwenye gemu inaiacha mbali hiyo i7 ya zamani. Angalia namba inayofuata baada ya kistari, i5-8500 ni kizazi cha 8, i7-4770 ni kizazi cha 4, i5-12400 ni kizazi cha 12. Ukiona herufi T mwishoni, kama i5-8500T, hiyo imepunguzwa umeme na kasi pia imepungua, si mbaya ila usilipe bei ya ile isiyo na T. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani kabisa, kadi ikifa huoni kitu kwenye skrini.

Mimi mstari wangu ni kizazi cha 8 kwenda juu, na sababu si kasi tu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Kuna njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, watu wanafanya, lakini gemu kama Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) viwe vimewashwa, hapo ujanja unaishia. Kwa hiyo majina ya kuulizia dukani ni OptiPlex 3060, 5060, 7060 na zinazofuata, EliteDesk 800 G4 au G5, ThinkCentre M720 au M920, zote tawa. Kama bajeti ni ndogo sana na gemu zako ni za zamani kama GTA V na PES, kizazi cha 6 au cha 7 bado kinakutoa, ila kizazi cha 2, cha 3, hapana, hata ukipewa bei ya kutupa, maana ram yake ni DDR3, aina ya zamani ambayo huhami nayo kwenda mashine yoyote ya mbele.

Kwenye ram usiulize ngapi tu, uliza vipande vingapi. 16GB ya vipande viwili vya 8 inapita njia mbili kwa wakati mmoja, 16GB ya kipande kimoja inapita njia moja, na kwenye gemu tofauti unaiona, hasa pale picha inapokwama kwama ghafla. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza Memory, inakuonyesha sloti ngapi zimejaa. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za ram zimepanda sana dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka mzigo kwenye seva za AI, kwa hiyo ile kauli ya "chukua ya 8 utaongeza baadaye" siku hizi siyo ushauri mzuri, tafuta iliyo na 16 tayari ndani.

Diski, SSD lazima, hilo halina mjadala. HDD ibaki ya kuhifadhia filamu na bekapu za gemu. Mwambie muuzaji akuruhusu kuweka CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako, ni programu ya bure, inakuonyesha afya ya diski na saa ilizowaka.

Vitu vya kukagua hapohapo dukani

Zima mashine iwashe tena ukibonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkCentre. Unataka kuingia BIOS, yale mapangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikikuomba paswedi na muuzaji hana, rudisha. Mashine za ofisini nyingi zilifungwa na watu wa IT wa kampuni ilikotoka, itawaka vizuri tu, Windows itafunguka, ila siku unataka kuwasha Secure Boot au kubadilisha mpangilio wa kuwaka huingii popote. Muuzaji atakwambia "toa betri ya madabodi itafutika", kwenye mashine nyingi za biashara za siku hizi haifutiki kirahisi hivyo, kwa hiyo suala hili liishie dukani.

Kama ni Dell, kuna stika yenye Service Tag, herufi na namba saba. Iandike kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako palepale, inakuonyesha mashine ilitoka kiwandani na prosesa gani, diski gani, lini. Ukiona kiwandani ilikuwa i3 na leo ina stika ya i7, labda ilibadilishwa kweli, labda stika ndiyo iliyobadilishwa, Task Manager itakwambia ukweli.

Geuza nyuma karibu na tundu la waya wa umeme. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na huku kwetu umeme ni 230, ukichomeka hivyo unasikia mlipuko mmoja na harufu. Isukume hadi isomeke 230 kabla ya kuchomeka. Nyingi za miaka ya karibuni hazina hiyo swichi, zinajirekebisha zenyewe, stika yake inaandika 100-240V.

Halafu kadi. Hapa soko limechafuka. Kuna kadi zimeandikwa GTX 1050 Ti kwenye boksi na hata Windows inazisoma hivyo, kumbe ndani ni chipu ya zamani kabisa ya miaka ya 2010 imebadilishiwa programu yake. Dawa ni GPU-Z, programu ndogo ya bure haihitaji hata kuinstoli, ina uwezo wa kuzigundua kadi nyingi feki za NVIDIA na inaandika FAKE mbele ya jina. Weka kwenye flashi ileile yenye CrystalDiskInfo. Dalili nyingine ya macho, GTX 1050 Ti ya kweli haina tundu la VGA nyuma, ukiona VGA jiulize. Na GT 710, GT 730, GT 1030 usikubali kuuziwa kwa jina la "kadi ya gemu", hata kama zina 4GB, ukubwa wa memori hauifanyi kadi dhaifu iwe na nguvu.

Mwisho wa ukaguzi washa FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mkubwa) au gemu yoyote nzito waliyonayo, iache dakika 20 hadi 30, kaa hapo usiende kula. Angalia joto la kadi, likibaki chini ya nyuzi 85 sawa, ikizidi au mashine ikazima yenyewe au picha ikaanza kutoa madoadoa, hiyo si yako. Prosesa ikipanda haraka sana pengine ni pesti ya joto imekauka, ni kazi ndogo ya fundi, tumia hiyo kushusha bei.

Zile mpya za kioo na taa

Hapa kanuni ni moja, usinunue maelezo mafupi. "Core i5, RTX, 16GB, 512" si maelezo. Omba jina kamili la kila kifaa kwa maandishi WhatsApp: prosesa na namba yake yote, kadi na memori yake, madabodi, ram aina gani na vipande vingapi, SSD ya kampuni gani, na pawa saplai ya kampuni gani wati ngapi. Muuzaji mzuri anakujibu ndani ya dakika chache maana anajua alichofunga. Anayekujibu "usijali bosi mashine kali" muache.

Jina fupi huficha mengi, mfano RTX 3060 ipo ya 12GB na ipo ya 8GB, ile ya 8GB njia yake ya memori imebanwa kutoka biti 192 hadi 128, ni kadi dhaifu zaidi yenye jina lilelile. RX 580 ipo ya kawaida na ipo ya 2048SP ambayo imepunguzwa. Kuna mashine zinatangazwa "kori 12 gaming" kwa bei ya kuvutia, ukiuliza unakuta ni Xeon E5-2670 v3, prosesa ya seva ya 2014, imewekwa kwenye madabodi za X99 za bei rahisi. Kori nyingi kweli, ila kila moja ni ya polepole, na gemu nyingi zinataka kori chache zenye kasi. Kwa hela hiyohiyo i3-12100F yenye kori 4 tu inakupa gemu laini zaidi, tena ukiwa na njia ya kupanda baadaye hadi i5 au i7 za kizazi hichohicho bila kubadilisha madabodi.

Pawa saplai ndipo wafungaji wengi wanapobana hela kwa sababu mnunuzi haangalii. Isiyo na jina, nyepesi kama tupu, imeandikwa 500W, usiiamini. Tafuta yenye jina linalojulikana na nembo ya 80 Plus (alama ya kutopoteza umeme mwingi). RTX 4060 inakula wati 115, RTX 5060 wati 145, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inazibeba bila wasiwasi, huhitaji 850 ya kujionyesha. Na kesi yenye kioo mbele kisicho na matundu inapendeza kwenye picha, ila kwa mtu wa Tanga au Mombasa asiye na AC chagua yenye wavu mbele, chujio la vumbi linalotoka, na feni mbili zinazoingiza hewa.

Kama mashine inatumwa mkoani kwa basi, mwambie aitoe kadi aifunge peke yake kwenye boksi lake, au ajaze sponji ndani kuibana. Kadi nzito ikining'inia kwenye sloti toka Dar hadi Mwanza inaweza kuvunja sloti, na hapo utaanza kubishana na muuzaji na wakala wa basi nani alaumiwe.

Bajeti iachie nafasi ya UPS (betri inayoshika mashine umeme ukikatika), umeme wetu unajulikana. Mtumba wa ofisini wenye GTX 1650 unatosha kabisa kwenye UPS ya kawaida ya 650VA, ambayo mara nyingi inabeba wati 360 hivi, lengo si kuendelea kucheza gizani, ni kuseivu na kuzima vizuri. Na hizi desktopu nyingi za ofisini hazina WiFi, bei ya kifaa cha WiFi cha kuchomeka USB au waya wa kutoka kwenye ruta iingize kwenye hesabu mapema. Kama rafiki yako ana gemu ileile kwenye Steam, unganisheni mashine zenu kwenye ruta moja, tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha mafaili ya gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine ndani ya nyumba bila kula bando.

Risiti iandikwe majina ya vifaa na serial number ya kadi, si "desktop 1" tu, na muda wa waranti uandikwe humohumo. Ukifika nyumbani waya wa monita chomeka kwenye matundu ya kadi, yale yaliyolala chini, usichomeke kwenye yale ya madabodi kwa juu, maana ukichomeka juu gemu itatumia grafiki ya ndani au usione kitu kabisa. Kadi za miaka hii hazina VGA, kwa hiyo monita ya zamani itataka adapta ya HDMI kwenda VGA, inunue siku hiyohiyo. Weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe, halafu kama monita ni ya 144Hz ingia setingi za dispilei uibadilishe kwa mkono, Windows mara nyingi inaiacha kwenye 60.